Msiba wa Konokono

Mama mdogo wangu, yule anayemfuata mama kuzaliwa, alikuwa na kazi ambayo kila nilipoulizwa nilijikuta naieleza mara mbili. Filamu zilikuja kutoka nje na lugha zake, naye akaandika yale maandishi yanayotokea chini ya skrini ili watu wetu waelewe kinachosemwa. Hakuwahi kuwa na ofisi. Kampuni ilimtumia filamu kwa mtandao, akairudisha kwa mtandao, na bosi wake alimjua kwa sauti tu. Watu waliposikia hivyo walimwonea wivu, wakasema huyu anaishi kwa kutazama sinema. Yeye alicheka, akawaambia hajawahi kuiona sawasawa hata filamu moja, kwa sababu muda wote macho yake yako chini.

Alikaa peke yake ghorofa ya juu kabisa, vyumba viwili na jiko, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hajahamia. Nilikaa naye wakati nikisomea ufamasia, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki alinisimulia mwenyewe. Meza yake ilitazama ukuta, maana mwanga wa dirishani ulimharibia skrini. Asubuhi alioga, akavaa nguo za kutokea, akavaa na viatu, kisha akatembea kutoka chumba cha kulala mpaka mezani. Nilimuuliza viatu vya nini. Akaniambia asipovaa viatu siku haianzi.

Akishavaa hedifoni nyumba ilinyamaza. Siku nzima alikuwa katikati ya watu, wanagombana, wanabembelezana, wanaagana kwenye vituo vya treni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiongea naye. Jioni nikirudi chuoni, maneno yake ya kwanza yalitoka yakiwa yamekauka, ikambidi akohoe kidogo ndipo anisalimie vizuri.

Hakuolewa. Zamani kulikuwa na mchumba, fundi wa mashine za kugandisha barafu, ambaye alipata kazi mbali akaenda. Hawakugombana. Simu zilipungua tu, na siku moja ikawa wazi kwamba zimeisha. Mama yangu ndiye aliyekuwa akilitaja jambo hilo kwa uchungu. Mwenyewe alilitaja kama mtu anayetaja mtaa aliowahi kupanga.

Kisha kulikuwa na programu moja, aliyoipata akitafuta kitu kingine. Kabla ya kuanza filamu alikuwa analetewa maandishi yake yote, kurasa kwa kurasa, ayasome kwanza, na macho yalikuwa yanachoka. Ndipo akakutana nayo, tovuti moja inayosaidia mtu kusoma mbio mambo ya mtandaoni. Unabandika maandishi, au anwani ya habari unayotaka, kisha maneno yanakuja moja moja, mahali palepale katikati ya ukurasa, kwa kasi unayoichagua. Macho yanatulia, maneno ndiyo yanayopita. Waliokwisha kuizoea walijisifu kwamba wanamaliza gazeti zima wakisubiri chai ipoe.

Ilikuwa programu huria. Hakukuwa na mwenye mali wa kulipwa, na jinsi ilivyoandikwa iliachwa wazi kila mtu aone, na anayejua airekebishe. Waliokuwa wakiitunza walikutana kwenye ukurasa wake, kila mmoja na jina lake la utani. Aliyeianzisha alijiita Konokono. Mama mdogo alisema hapo ndipo alipompenda, kabla hata ya kujua anaandikaje. Mtu anatengeneza kitu cha kusoma mbio, halafu anajiita Konokono.

Akaijaribu kwa lugha yetu, ikaharibika. Neno "na" lilikaa mbele ya macho muda uleule wa neno "hawakutukaribisha". Katika lugha ambayo Konokono aliitumia kuijenga, kusema kwamba watu fulani hawakutukaribisha kunachukua maneno matano, na kila neno linapewa zamu yake. Kwetu ni neno moja, nalo lilipita kama mtu anayefukuzwa. Sasa, kama kulikuwa na jambo moja duniani ambalo mama mdogo alilijua, ni neno likae muda gani mbele ya mtu ili alipate. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Hakuwa na kawaida ya kuwaandikia wasiomjua, lakini hili lilimkera. Akajipa jina la Nukta, akaandika malalamiko yake kwa adabu, akaenda kuosha kikombe.

Aliporudi alikuta amejibiwa. Konokono alisema lugha hiyo haijui kabisa, akamwomba ataje neno refu lolote alilolitumia siku hiyo, alikatekate, na kila kipande akielezee. Waliandikiana kwa lugha ya kuazima, isiyo ya mama wa yeyote kati yao, kwa hiyo kila mmoja alikosea bila aibu. Mama mdogo akamkatia "tutakapowatembelea". Hiki ni sisi, hiki ni wakati ambao bado, hiki ni wao, na huku mwishoni ndiko kwenye safari yenyewe. Konokono akajibu kwamba hilo si neno, ni familia nzima imepanda gari moja, na akauliza nani anaendesha.

Haikuchukua muda, programu ikaanza kuhesabu silabi kwa lugha yetu badala ya maneno. Niliitwa kutoka jikoni nikiwa na mikono ya unga. Kwenye majina ya waliosaidia lilikuwa limeongezwa moja.

"Nukta ni mimi," akasema, akaligusa jina kwenye skrini kwa kidole.

Wakaendelea hivyo kwa miaka. Walibishana kuhusu mkato, programu ipumzike kiasi gani, na mwisho wa aya je. Mama mdogo alitaka ipumzike kidogo zaidi baada ya sentensi ya huzuni. Konokono akamwambia kompyuta haijui huzuni ni ipi. Akajibu kwamba basi ipumzike baada ya zote, hakuna aliyeumizwa na mapumziko. Likapita. Taratibu Konokono alimfundisha kuandika programu yenyewe, na baadaye akampa ruhusa ya kuingia na kubadilisha mambo bila kumsubiri. Nilikuwa nikimsikia akicheka peke yake mezani, hedifoni zikiwa zimening'inia shingoni, na nikajua leo kuna ubishi.

Kila walipobadilisha kitu ilibidi wakijaribu kwa maandishi ya kweli, na maandishi ya lugha yetu yalikuwa juu yake. Mwanzoni alinakili habari. Baadaye uvivu ukamshika, akawa anaandika chochote kilicho mbele yake. Kwamba nguo zimekaa kambani hazikauki. Kwamba fundi cherehani wa ghorofa ya chini anashona sare za shule na mashine yake inatikisa sakafu. Kwamba dada amepiga simu na wote wazima. Kwa kuwa hakuna aliyeijua lugha hiyo pale, aliandika kama mtu anavyosema na ukuta. Siku moja akaandika: "Nimeteleza kwenye ngazi. Kifundo cha mguu kimevimba. Sijamwambia mtu, maana dada ataniambia nihame." Akayatuma pamoja na marekebisho ya mapumziko ya aya, akaendelea na mambo yake.

Kesho yake Konokono alijibu kuhusu marekebisho. Chini kabisa, baada ya kazi yote kwisha, aliuliza: "Mguu unaendeleaje?"

Kumbe tangu mwanzo alikuwa akiyapitisha yale maandishi kwenye mashine ya kutafsiri, ili ajue kama yamekatwa mahali sahihi. Mama mdogo aliniambia uso ulimwaka moto. Akaanza kukumbuka yote aliyowahi kuandika humo, moja baada ya jingine, akitafuta la aibu, na yalikuwepo. Akafunga kompyuta, akaenda kukaa jikoni. Alipofungua tena alijibu kwamba uvimbe unapungua, asante.

Tangu hapo yale majaribio yakawa barua, ingawa hawakuwahi kuyaita hivyo. Konokono naye alijibu mstari mmoja au miwili mwishoni mwa kazi. Jirani yake anajifunza kupiga tarumbeta na bado hajafika mbali. Kitunguu hakimkai tumboni. Treni ikipita, dirisha la chumba chake linatetemeka. Hakutaja jina, wala mji, wala umri, na mama mdogo hakuuliza, kwa kuwa naye hakutaka kuulizwa.

Nilikuwa nimeshahama wakati huo, nimepata kazi kwenye duka la dawa. Konokono akaandika kwamba atakuwa safarini wiki moja. Wiki ikaisha, na nyingine, na mwezi. Watu wakaingia kwenye ukurasa na maswali yao, mama mdogo akawajibu kwa niaba yake, akisema mwenyewe akirudi atayatazama. Aliendelea kuandika majaribio yake. Alimweleza mvua ilivyoingia kwa dirisha la jikoni. Alimuuliza tarumbeta imefika wapi. Programu iliyapitisha maneno hayo katikati ya ukurasa, moja moja, na yeye ndiye aliyekuwa akiyasoma.

Hofu ilipomzidi akaanza kutafuta. Lakini atafute nini? Alisoma habari za ajali za nchi asizozijua, akitazama kama kuna treni inayopita karibu na madirisha ya watu. Aliwaza kupiga simu polisi, akacheka mwenyewe, maana wangeuliza jina la aliyepotea na angesema Konokono. Akawauliza wale wengine wachache waliowahi kusaidia kwenye programu. Hakuna aliyejua zaidi. Mmoja alisema alidhani Nukta na Konokono ni mtu mmoja.

Nilikwenda kumtembelea mchana mmoja wa siku yangu ya mapumziko. Nilimkuta mezani, miguu mitupu, hedifoni ziko pembeni, na kwenye skrini filamu imesimama katikati ya uso wa mtu. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Nimefiwa, mwanangu," akasema. "Ila sijui nimefiwa na nani."

Akanisimulia yote, mengine nikiyasikia kwa mara ya kwanza. Mtu akifiwa unajua pa kwenda, unajua wa kumpa mkono. Hapa hakukuwa na nyumba ya msiba wala mwenye msiba, na hata kifo chenyewe hakuna aliyekithibitisha. Nikampa pole, ikanitoka ikiwa nyepesi.

Nikamwambia mama. Sikutumwa, lakini nilimwambia. Mama yangu ni mtu wa mambo ya kushikika. Alianza kwa kusema mbona mtu mzima analilia mtu asiyemjua hata sura, na kwamba yote haya yanatokana na kukaa kule juu kama njiwa. Halafu akafunga vyombo vya chakula kwenye kikapu, akapanda zile ngazi zote na magoti yake mabovu, akaketi kwenye kiti pekee cha ziada, akasema, "Basi niambie alikuwaje."

Mama mdogo akaanza. Alisema alikuwa mvumilivu. Alisema alikuwa na mzaha. Akataja kitunguu, na treni, na jirani wa tarumbeta. Maelezo yakaisha kabla chai haijamiminwa. Nilimwona anatafuta jingine la kuongeza, midomo iko wazi, na halipo. Mama akamimina chai. Mpaka anaondoka hakutaja tena mambo ya njiwa, ila mlangoni alimwambia ahamie kwetu, akajibiwa asante dada, kama siku zote.

Miezi ikapita. Mama mdogo alivaa viatu vyake tena, akarudi kwenye filamu. Siku moja, akiwa anasafisha mambo madogo madogo ya programu, aliongeza mstari chini kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi ndogo, ambao kila aliyeifungua angeuona: "Kwa kumbukumbu ya Konokono, aliyeianzisha." Aliniambia baada ya hapo alilala vizuri. Sasa palikuwa na mahali ambapo jambo hilo limesemwa.

Na majaribio hakuyaacha. Aliyaandika kila mara, marefu kuliko zamani, akimwambia marehemu habari za nyumbani.

Mwaka ulikuwa unaelekea kwisha aliponipigia nikiwa kazini, akaniomba niende nikitoka. Sauti yake sikuielewa. Nilipofika aligeuza kompyuta inielekee, akasimama nyuma yangu wakati nasoma. Ujumbe ulikuwa wa Konokono. Ulisema hivi: "Nimeambiwa na rafiki kwamba nimekufa. Samahani kwa kuchelewa kukanusha."

Alikuwa mzima. Alieleza kwamba ile safari ya wiki moja ilikuwa ya kwenda kuoa, na aliporudi alihama mji, akaacha kazi za kompyuta, akafungua karakana ya baiskeli pamoja na shemeji yake. Sasa ana mtoto. Mambo ya kusoma kwenye skrini yalimchosha, siku hizi hasomi kitu. Alikuwa akipitia ukurasa mara chache mwanzoni, akaona Nukta anaendesha kila kitu vizuri kuliko yeye, akajua hahitajiki tena. Alishukuru kwa kazi nzuri. Mwisho aliomba, kama si usumbufu, ule mstari uondolewe, kwa sababu mkewe aliuona na haukumpendeza.

Nilianza kucheka, siwezi kuficha. Mama mdogo naye akacheka, tukacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Halafu nikaona mabega yanatikisika kwa namna nyingine, nikaacha kucheka.

Alipotulia alisema anashukuru mtu yu mzima, na kwamba angekuwa mwovu kusema vingine. Nikamuuliza atamjibu nini. Akanionyesha. Alikuwa ameandika majibu tangu asubuhi. Moja lilikuwa refu, linauliza kwa nini hakusema hata neno moja, alikuwa ameshika simu ngapi, amepita mbele ya kompyuta ngapi. Jingine lilikuwa la mzaha mtupu, kuhusu pilikapilika za kufufuka. Moja lilikuwa limeandikwa kwa lugha yetu, nalo aliliziba kwa kiganja nisilisome. Yote akayafuta nikiwa nimesimama pale. Alilotuma lilisema: "Nimefurahi uko hai. Mstari nimeuondoa. Hongera kwa mtoto."

Konokono akarudisha alama ya kidole gumba. Tukasubiri kidogo, kama mtu anavyosubiri baada ya hodi, kisha akainuka kwenda kuwasha birika.

"Alipokuwa marehemu nilikuwa naongea naye kila siku," akaniambia akiwa amenipa mgongo, anatafuta majani ya chai. "Sasa yuko hai na sina cha kumwambia."

Nilitaka kumwambia aniambie mimi. Nadhani nilisema kitu cha namna hiyo. Alinipapasa shavu, akasema mimi nina kazi yangu na wateja wangu, na ni kweli nilikuwa nikiitazama saa, kwa sababu duka lingefunguliwa mapema kesho yake.

Programu hakuiacha. Kuna watu walioitegemea, wengi wao hata hajui wanaisomea nini, na hakuona sababu ya kuwaadhibu. Lakini maandishi ya kujaribia hakuyaandika tena kwa kichwa chake. Alichukua taarifa ya hali ya hewa ya siku hiyo, akaibandika kama ilivyo. Nilipomuuliza alisema inafaa sana, ina maneno mafupi na marefu.

Mwaka jana jicho lake la kulia lilifanya ukungu, ikabidi apasuliwe. Ni operesheni ndogo, lakini daktari alimkataza skrini kwa muda. Kabla ya kwenda hospitali aliweka tangazo kwenye ukurasa wa programu, mahali pa kuonekana. Aliandika kwamba Nukta hatakuwepo kwa wiki mbili, yuko hai, anatibiwa jicho. Nikamwambia hilo la yuko hai lingeweza kuachwa. Akasema ni afadhali watu wajue.

Mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani. Tulipanda ngazi polepole, mkono wake begani kwangu, tukipumzika kila ghorofa. Alipokaa kitandani, bandeji ikiwa imelifunika jicho moja na la pili analifumba kwa uchovu, aliniomba nifungue kompyuta nimtazamie kama kuna aliyeandika.

Nikafungua. Kulikuwa na ujumbe kutoka kwa watu wawili. Mmoja alitaka herufi ziwe na rangi anayoichagua mwenyewe. Wa pili alikuwa anamuunga mkono wa kwanza. Nikamsomea ujumbe wa wote wawili, taratibu. Nikashuka chini ya ukurasa, nikapanda tena, nikaangalia palipo na tangazo. Kuhusu jicho hakuna aliyeuliza.

"Ni hao tu?" akasema.

"Ni hao tu, mama."

Akaupanga mto vizuri nyuma ya mgongo.

"Wanataka rangi gani?" akauliza, nami nikamsomea tena.